Video Kumi na Moja za Rimoti

Kaka yangu alitoka nyumbani Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kwa sababu kamba ilikuwa imekatika na alitaka kuifunga nje penye mwanga. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya runinga. Filamu aliyokuwa akiitazama ilikuwa imeganda. Skrini nzima ilikuwa farasi mmoja, mguu wa mbele hewani.

"Rimoti," Baba akaita, "hiki kitu chako kimekufa tena."

"Hakijafa, Mzee. Ni programu tu hiyo. Nikirudi nitaitengeneza."

"Ulisema hivyo juzi."

"Juzi nilikuwa nakudanganya. Leo nasema kweli."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Kaka akaniambia nisisahau kununua sabuni, akaenda.

Saa tano na dakika kumi msimamizi wake alinipigia simu. Kaka alikuwa fundi wa lifti. Siku hiyo walikuwa wakibadilisha kamba za chuma kwenye jengo la ghorofa nane, na katika ghorofa ya sita alikanyaga ubao ambao mtu alisahau kuufunga. Msimamizi hakuanza na hayo. Alianza kwa kusema, "Dada, kaa chini kwanza." Nikamwambia nimekaa. Nilikuwa nimesimama jikoni na ufagio.

Jina la Rimoti alipewa na Baba. Zamani runinga yetu haikuwa na rimoti, na kaka, akiwa na miaka mitano, ndiye aliyekuwa akitumwa kuinuka na kuzungusha kitufe. Jina likamganda. Hata kazini walimwita hivyo, na wengi waliokuja kuzika walikuwa hawajui jina lake jingine.

Alipokua alitutengenezea sanduku. Lilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kifuniko, imelazwa nyuma ya runinga, na ndani yake ameweka programu inayopanga filamu, nyimbo na picha zote za nyumbani kama vitabu kwenye rafu. Unachagua kwa rimoti, unatazama. Kompyuta yenyewe ilikuwa na diski ndogo ya kuiendesha. Mali yote ilikaa kwenye diski nyingine, kubwa, nyeusi, iliyoning'inia pembeni kwa waya. Sisi hatukujua tofauti hiyo. Kwetu lote lilikuwa sanduku.

Baba ana ugonjwa wa kusahau. Mambo ya zamani anayo yote, hata namba ya meza aliyokuwa akikalia kazini. Ya jana hana. Mama alifariki sisi tukiwa shule, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu, na baada ya Alhamisi ile akahamia Shangazi, dada yake Baba, tukawa watatu tena.

Baba alikwenda kuzika. Alilia, alishikiliwa, alitupa udongo kwa mkono wake. Kesho yake asubuhi aliuliza, "Rimoti amekunywa chai?"

Tukamwambia. Alianguka kama ndiyo mara ya kwanza anasikia, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata akauliza tena, tukamwambia tena. Siku ya tatu alipofungua mdomo Shangazi alinivuta mpaka jikoni.

"Basi," akasema. "Mtu hufiwa na mtoto mara moja. Sisi huyu tumemwulia mwanawe mara mbili zaidi."

"Tumwambie nini sasa?"

"Mwambie lolote. Lakini hilo usimwambie tena."

Siku ile ile jioni Shangazi, ambaye hajui rimoti wala hataki kuijua, alibonyeza vitufe ovyo akitafuta nyimbo, akafungua safu ambayo mimi sikuwahi kuiona. Ilikuwa na picha kumi na moja ndogo, zote uso wa kaka yangu, mashati tofauti. Akabonyeza ya kwanza.

"Mzee, ni mimi," kaka akasema kutoka kwenye runinga. Alikuwa amekaa kwenye kochi lile lile tulilokalia. "Najua nikikufundisha leo kesho utasahau, na ukisahau utanipigia simu nikiwa juu ya lifti, nianguke bure. Kwa hiyo nimekuwekea masomo. Hili ni la kwanza. Kuwasha."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga. Baba alitikisa kichwa, ametulia kabisa. "Huyu mtoto ana maneno," akasema.

Zilikuwa video fupi fupi, alizojirekodi kwa simu yake, simu ambayo ilianguka naye. Ya pili ilikuwa ya sauti. Ya tatu ilikuwa ya kutafuta filamu. Ya nne alimwonya Baba asiweke kikombe cha chai juu ya sanduku, na katikati akakiinua kikombe chenyewe kama ushahidi mahakamani. Ya tano ndiyo Baba aliyoipenda.

"Namba tano. Ikiganda. Kwanza, usiitukane, haisikii. Ukimaliza kuitukana, bonyeza hiki chekundu, usikiachie, uhesabu mpaka kumi. Nimesema kumi, si tatu. Nakujua. Haya, tuhesabu wote. Moja. Mbili."

Na Baba alikuwa akihesabu naye. Kila siku saa kumi jioni, kwa mwezi mzima, baba yangu alihesabu na mwanawe mpaka kumi. Kaka alimaliza kwa kusema, "Umeona? Hajafa mtu." Baba alijibu, "Hajafa mtu," kisha akanywa dawa zake, akala, akalala bila kuuliza chochote.

Kwa hiyo ninaposema sanduku lilianza kutusumbua, sisemi habari ya filamu.

Mwanzoni liliganda mara moja kwa siku. Kaka alikuwa akifika "nne" ananyamaza, mdomo wazi nusu, na Baba anaendelea peke yake mpaka kumi halafu anamsubiri. "Mbona amenyamaza?" aliniuliza. "Anakuja, Baba." Nilizima, nikawasha, kaka akarudi. Wiki ya pili ikawa mara tatu. Mara nyingine programu ilijifunga yenyewe, skrini ikarudi kwenye rangi ya buluu, na Baba akashtuka kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Nilifanya nilivyoweza. Nimesoma mpaka kidato cha nne, si zaidi, na kazi yangu ni kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, lakini kusoma najua. Nilitafuta maelekezo kwenye simu. Nilifuta vifaili vya muda. Nikaondoa vile viongezeo vya mapambo ambavyo kaka aliviweka ili rafu zionekane nzuri. Nikaiondoa programu nzima na kuiweka upya, kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto wa siku mbili. Ikakaa sawa siku mbili, ikaganda tena.

Zaidi ya yote nilimfuata kaka mwenyewe. Namba tisa alisema hivi: "Ikikataa kabisa, usihangaike. Nenda kwenye mipangilio, bonyeza Changanua Maktaba Upya. Inapitia kila kitu kuanzia mwanzo. Iache imalize, nenda kaoge." Nilibonyeza asubuhi kabla ya kazi. Nilibonyeza nikirudi. Nilimwonyesha Shangazi akawa anabonyeza na yeye mchana, akiniambia kwa fahari, "Nimelichanganua." Kila lilipoganda tulichanganua. Tulifanya kwa sababu kaka alisema, na alikuwa hakosei kwenye mambo hayo.

Mwisho nilimwita Fundi Miwani. Alisoma na kaka, na ana chumba cha kutengenezea kompyuta nyuma ya duka la kuchapisha. Miwani yake imefungwa kwa waya mwembamba wa shaba upande mmoja. Alikuja Jumatano mchana, akampa Baba mkono.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa lifti?"

"Hapana Mzee, mimi wa chini. Juu nina kizunguzungu."

Baba akafurahi. Fundi akapiga magoti nyuma ya runinga, akaniuliza nimefanya nini mpaka hapo. Nikamwambia yote.

"Umeiweka programu upya mwenyewe?"

"Nilisoma kwenye simu."

"Kuna watu wana vyeti ukutani wangeogopa," akasema. Kisha akafungua faili refu la maandishi madogo. Akanieleza kuwa programu huandika kila inachofanya, dakika kwa dakika, kama mlinzi wa getini na daftari lake. Akashuka na kidole.

"Ona hapa. Inaomba video. Inasubiri. Inasubiri. Dakika mbili nzima. Hapa ndipo mnaposema imeganda. Haijaganda, dada yangu. Imesimama mlangoni inabisha hodi, na ndani hakuna anayefungua."

"Ndani wapi?"

Aliinama akaweka sikio kwenye ile diski nyeusi, akaniashiria na mimi. Nikainama. Ilikuwa inalia, tik, kimya, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

"Programu haina kosa," akasema. "Haikuwa nalo tangu mwanzo. Diski ndiyo inayokufa." Akarudi kwenye maandishi, akashuka, akasimama. "Nani amekuwa akiichanganua hii maktaba? Humu naona mara mia moja na sita ndani ya mwezi."

"Mimi na Shangazi. Kaka amesema. Namba tisa."

Alivua miwani akaifuta kwenye shati, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Alinieleza taratibu. Kila tulipochanganua, diski ililazimika kusoma kila kitu kilichomo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski nzima hilo si neno. Kwa diski mgonjwa ni kama kumkimbiza mwenye pumu ngazi za ghorofa nane.

Aliposema ghorofa nane alijiuma mdomo. "Samahani."

"Kwa hiyo nimeiua mimi."

"Sijasema imekufa. Ina safari moja imebaki. Tuitumie kuinakili." Aliichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi, na kompyuta yake nayo ikaganda pale pale. Akaichomoa haraka. "Hivi hivi haitoki. Inataka kuvutwa polepole, kipande kwa kipande, bila kuifungua, kwenda kwenye diski ya ukubwa huu. Ninaipata Jumamosi. Nipe niondoke nayo."

Nikamwambia hapana.

"Kwa nini?"

"Mwezi huu kimetoka kitu kimoja humu ndani hakikurudi. Ikae hapa. Utaifanyia hapa hapa."

Angeweza kunibishia. Naona sasa kwamba aliona haya kumbishia mfiwa. Aliirudisha mahali pake ili Baba asione nyaya zikining'inia, akachomoa plagi ukutani. "Sikiliza basi. Usiiwashe. Hata kidogo. Ikiwaka tu inaanza kuchanganua yenyewe, ndivyo Rimoti alivyoipanga. Niahidi."

Nikaahidi.

Alhamisi saa kumi Baba alikaa kwenye kiti chake, akasubiri. Nikamwambia umeme hakuna. Akaangalia taa ya jikoni iliyokuwa ikiwaka, kisha dawa zake akazitema kwenye mkono wake akazificha chini ya mto. Hakulala. Ijumaa sikwenda kazini. Kuanzia saa sita mchana alisimama getini juani, kichwa wazi, akiulizia kila aliyepita kama amemwona kijana aliyeshika kiatu mkononi. Nilipomwambia aingie ndani alishika chuma cha geti kwa mikono miwili. Shangazi alipomvuta alimkwaruza mkono, ndugu yake wa tumbo moja, damu ikatoka.

"Mmemficha wapi?" alikuwa akisema. "Nyie wanawake, mmemficha wapi mtoto?"

Tulimwingiza kwa nguvu, mimi na jirani. Alikuwa ameukojolea mguu wa suruali. Nilimbadilisha, na alipokuwa amekaa kitandani nikiwa nimepiga magoti mbele yake aliniangalia akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekufa?"

Nilitoka nikaenda sebuleni.

Shangazi alikuwa anajifunga kitambaa mkononi. "Mwashie," akasema. "Ile moja tu. Ile ya kuhesabu."

"Fundi amesema tusiwashe."

"Fundi hana baba humu ndani."

"Shangazi, ni kesho tu. Kesho anakuja."

"Kesho huyu atatuuliza tena, na wewe hutaweza kunyamaza. Umeona mwenyewe. Ni sekunde ngapi ile?"

"Arobaini."

"Arobaini, basi. Arobaini zitaua nini?"

Sitaki kusema Shangazi alinilazimisha. Nilikuwa nimeshaifikia plagi kabla hajamaliza. Nilichomeka, nikawasha, nikaenda moja kwa moja kwenye ile safu, nikijiambia nitakuwa mwepesi kuliko huko kuchanganua. Tukamleta Baba. Aliona uso wa mwanawe na mabega yake yakashuka.

"Namba tano," kaka akasema. "Ikiganda. Kwanza, usiitukane, haisikii."

"Haisikii," Baba akasema.

"Haya, tuhesabu wote. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

Hapo akasimama. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa, kidole cha sita kikitoka. Baba aliendelea: saba, nane, tisa, kumi. Akasubiri. Nyuma ya runinga ule mlio wa ukucha ukageuka kitu kingine, kama mguu wa kiti unaoburutwa kwenye sakafu ya saruji bila kuinuliwa. Nilivuta waya wote kwa mkono mmoja, ukatoka na kipande cha soketi.

"Kumi tayari, Rimoti," Baba akaiambia skrini nyeusi. "Nimemaliza. Kumi."

Fundi Miwani alifika Jumamosi saa nne, diski mpya bado imo kwenye mfuko wake. Aliangalia soketi iliyong'oka, akaniangalia.

"Umeiwasha."

"Ndiyo."

"Dakika ngapi?"

"Hata moja haikufika."

Aliichomoa ile diski akaitikisa sikioni. Akatoa bisibisi ndogo, akafungua skrubu zake sita kwenye meza yetu ya chakula, akainua kifuniko. Ndani kuna sahani inayong'aa kama kioo. Juu yake palikuwa na mduara uliokwanguliwa, mpana kama pete, na vumbi la kijivu limelala pembeni.

"Hakuna mahali pa kuipeleka?"

"Wapo wanaozifungua, mbali. Lakini wanasoma kilichopo. Hili vumbi ndilo lililokuwa video."

Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyekuwa na nakala. Nikasema hakuna. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama hata siku moja sikuwahi kumrekodi Baba kwa simu akiwa anahesabu. Simu yangu ilikuwa mkononi mwangu wakati huo. Ilikuwa mfukoni mwangu kila siku saa kumi jioni, mwezi mzima, hatua mbili kutoka kwenye ile runinga. Nilikuwa nikiitumia kutafuta namna ya kutengeneza programu.

Shangazi alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia awashe."

"Kidole kilikuwa changu," nikasema.



Kabla ya kuondoka Fundi aliweka diski mpya, akarudisha kila kitu, akawasha. Sanduku lilifunguka haraka, kama wakati lilipokuwa jipya. Haligandi sasa. Linaenda vizuri kabisa, kwa sababu halina cha kusoma. Majina ya video na picha zake ndogo yalikuwa yamehifadhiwa kwenye ile diski ndogo ya ndani, kwa hiyo safu ya kaka bado ipo, nyuso kumi na moja, mashati kumi na moja. Ukibonyeza yoyote yanatokea maneno meupe: Faili halipatikani.

"Niziondoe hizi?" Fundi akauliza.

"Ziache."

Jumapili saa kumi Baba aliuliza, na nilimwambia kweli. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne alikataa kula kabisa, akampiga Shangazi kwa fimbo yake ya kutembelea, na Jumatano tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisikiliza habari yote, akasema kwa ugonjwa kama huu jambo la muhimu ni mgonjwa asisumbuke.

Zamani Baba alikuwa anakunywa kidonge kimoja cha usingizi usiku. Sasa anakunywa viwili, na kingine mchana baada ya chakula. Ikifika saa kumi anakuwa amelala, na haulizi.